Poti za siriali kwenye risiva ya ZED-F9P: kuzipanga na kuchagua data zitoke vipi

Risiva ya setilaiti ikikaa kimya, au ikitema herufi zisizosomeka, wa kwanza kulaumiwa ni antena. Mara nyingi antena haina kosa. Ili data ifike kwenye kompyuta, ni lazima ipite milango mitatu: kasi ya poti, itifaki iliyoruhusiwa kwenye poti hiyo, na ujumbe wenyewe uliowashwa kwa poti hiyohiyo. Mmoja ukiwa umefungwa hupati kitu, hata kama miwili mingine iko wazi kabisa. Halafu kuna suala la mipangilio imehifadhiwa wapi, maana kazi ya saa nzima inaweza kufutika ukichomoa waya wa umeme.

Mfano wetu ni ZED-F9P ya u-blox, kampuni ya Uswisi. Inasoma GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou kwenye masafa mawili, na ndiyo iliyo ndani ya vifaa vingi vya RTK (upimaji wa usahihi wa sentimita kwa kutumia masahihisho kutoka risiva nyingine) vya bei nafuu vinavyotumiwa na wapima ardhi, warusha droni na wenye matrekta yanayojiendesha. Mwenye NEO-6M au NEO-M8N naye atafaidika. Milango ni ileile, ila amri zake ni za kizazi cha zamani, na tofauti hiyo tutaitaja inapohitajika.

Poti zilizopo na zinavyotoka kiwandani

ZED-F9P ina UART1 na UART2 (poti za siriali za kawaida), USB, I2C na SPI. Hapa tunashughulika na tatu za kwanza.

UART1 hutoka kiwandani ikiwa na kasi ya baudi 38400, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Inapokea UBX (itifaki ya u-blox yenyewe), NMEA (sentensi za maandishi zinazosomwa na vifaa vingi) na RTCM3, na inatoa NMEA: sentensi za GGA, GLL, GSA, GSV, RMC na VTG, pamoja na TXT chache wakati wa kuwaka. USB nayo hutoa NMEA hizohizo.

UART2 pia ni 38400, lakini imetengwa kwa ajili ya RTCM3, yaani data za masahihisho. Ukiichomeka ikiwa mpya na kusubiri NMEA, utasubiri mpaka jioni. Haijaharibika, hivyo ndivyo ilivyopangwa.

Poti ya USB ya risiva yenyewe haina kasi ya baudi ya kweli. Ukichagua 9600 au 921600 kwenye programu, data zinapita vilevile. Jambo hili huwachanganya watu: wanajaribu kwa USB, kila kitu kinakwenda sawa, kisha wanahamia UART1 na kushangaa kuona takataka. Jaribio la USB halikuambii lolote kuhusu kasi ya UART.

Waya kwanza

UART za ZED-F9P zinafanya kazi kwa volti 3.3. Tumia kigeuzi cha USB kwenda TTL chenye uwezo wa 3.3 V, na kama kina kiswichi cha 3.3 na 5, kiangalie mara mbili kabla ya kuchomeka. TX ya risiva iende kwenye RX ya kigeuzi, RX iende kwenye TX, na GND ziungane. GND ikisahaulika, unaweza kupata herufi zinazosomeka nusu na kuharibika nusu, ukadhani tatizo ni kasi.

Plagi ya pini tisa ya RS-232 nyuma ya kompyuta ya zamani au redio ya upimaji haichomekwi moja kwa moja kwenye pini hizi. RS-232 hutumia volti chanya na hasi zilizo juu zaidi, na zitaunguza pini za risiva. Weka chipu ya MAX3232 katikati. Kwa Arduino Uno, yenye volti 5, pini ya TX ya Uno ipitishwe kwenye vipingamizi viwili kabla ya kufika RX ya risiva: ohmu 1000 kutoka Uno, ohmu 2000 kwenda GND, na risiva ichukue katikati. Hapo utapata takriban 3.3 V. Upande wa pili, TX ya risiva kwenda RX ya Uno, hauhitaji kitu.

Waya wa TTL usizidi mita moja hivi. Ukitaka kwenda mbali, badilisha kuwa RS-232, au RS-422 kwa umbali mkubwa zaidi.

Sikiliza kabla ya kuamuru

Usitume amri yoyote kabla ya kujua risiva inasema nini. Kwenye Linux, kigeuzi cha USB huonekana kama /dev/ttyUSB0, na USB ya risiva yenyewe kama /dev/ttyACM0.

```
stty -F /dev/ttyUSB0 38400 raw -echo
cat /dev/ttyUSB0
```

Ukikataliwa ruhusa, jiongeze kwenye kundi la dialout kwa `sudo usermod -aG dialout $USER`, kisha toka na uingie upya. Kama gpsd (programu ya Linux inayosoma risiva za GPS) inaendeshwa kwenye mashine hiyo, isimamishe kwanza (`sudo systemctl stop gpsd.socket gpsd`). Inashika poti, na isipozuiwa hubadilisha mipangilio ya risiva yenyewe bila kukuuliza. ModemManager nayo ina tabia ya kuigusa ttyACM0 ikidhani ni modemu. Kwenye Raspberry Pi, poti ya pini inaweza kuwa imeshikwa na konsoli ya mfumo. Izime kupitia raspi-config, acha poti yenyewe ikiwa imewashwa, kisha tumia /dev/serial0.

Unachokiona ndicho kinachokuambia uelekee wapi.

Mistari inayoanza na $GN au $GP ina maana kasi ni sahihi na NMEA iko wazi.

Kimya kabisa: TX na RX hazijapishana, umeme haufiki, au poti hiyo haina ujumbe uliowashwa. Kasi mbaya haileti kimya. Huleta takataka.

Takataka: kabla ya kubadilisha kasi, hakikisha si data za baiti ghafi. UBX na RTCM haziandikwi kwa herufi za kusomwa na mtu, kwa hiyo kwenye skrini zinafanana na uharibifu. Zisome kwa heksadesimali:

```
cat /dev/ttyUSB0 | xxd | head -n 20
```

Ukiona `b5 62` ikijirudia, hiyo ni UBX. Ukiona `d3` ikifuatiwa na `00` au namba ndogo, huenda ni RTCM3. Katika hali zote mbili kasi yako ni sahihi. Kama hakuna mpangilio wowote, jaribu 9600, 38400, 57600, 115200, 230400 na 460800, moja baada ya nyingine. NEO-6M hutoka kiwandani na 9600.

Mwenye Windows anaweza kutumia u-center ya u-blox. F8 hufungua dirisha la maandishi, F6 dirisha la pakiti, na F9 orodha ya jumbe zote. Dirisha la pakiti ndilo lenye faida kuliko yote, kwa sababu linaonyesha jina la kila ujumbe na itifaki yake bila wewe kukisia.

Hesabu ya baiti

Hapa ndipo mipango mingi huharibika, ingawa hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kwa mpangilio wa biti 8 bila pariti, kila baiti inabeba biti 10 njiani: moja ya kuanza, nane za data, moja ya kusimama. Gawanya kasi ya baudi kwa 10 upate baiti kwa sekunde. 9600 inabeba baiti 960, 38400 inabeba 3840, 115200 inabeba 11520, na 460800 inabeba 46080.

Sasa hesabu unachotaka kupitisha. Kwa makadirio ya kazi, GGA ni baiti 80, RMC 75, VTG 40, GLL 52. GSA hutoka moja kwa kila mfumo wa setilaiti, kwa hiyo nne za baiti 60 ni 240. Mzigo halisi ni GSV. Kila sentensi ya GSV inabeba setilaiti nne tu, na risiva ya masafa mawili hutoa seti moja kwa kila masafa. Mahali penye anga wazi, mifumo minne ikiwa imewashwa, sentensi 22 za GSV si jambo la ajabu, na hizo ni baiti 1500 hivi.

Jumla ni takriban baiti 2000 kwa kila zamu ya hesabu, yaani kila risiva inapokokotoa mahali ilipo. Kwa zamu moja kwa sekunde, 38400 inatosha na nusu ya nafasi inabaki. Pandisha risiva iwe zamu tano kwa sekunde na umehitaji baiti 10000 kwenye bomba la 3840. Hazipiti. Hata 115200 itajaa kwa asilimia 87, kiasi ambacho setilaiti chache za ziada zinatosha kuimwaga.

Poti ikifurika, risiva haikupi onyo kubwa. Inatupa jumbe zilizokosa nafasi, na mara nyingine huandika sentensi ya TXT yenye maneno `txbuf alloc`. Ukiona sentensi zinaruka sekunde, GGA ipo lakini RMC haipo, au mahali panasogea kwa kuchelewa, soma UBX-MON-COMMS. Ujumbe huo unaonyesha asilimia ya matumizi ya kila poti. Ukizidi asilimia 80, punguza mzigo au ongeza kasi.

Ukizima GSV, GSA na GLL zinabaki baiti 195 kwa zamu. Kwa zamu tano ni 975 kwa sekunde, robo ya 38400. (Na angalia mtego: 9600 inabeba 960, kwa hiyo hata orodha hii fupi inaishinda kwa baiti 15.) Faida nyingine ni muda. Baiti 2000 zinachukua zaidi ya nusu sekunde kupita kwenye 38400, lakini 195 kwenye 115200 zinapita kwa milisekunde 17. Kwa mtu aliyesimama na nguzo ya kupimia hilo halina maana. Kwa trekta linalotembea mita mbili kwa sekunde, nusu sekunde ni mita nzima.

Kubadilisha kasi

Kila mpangilio wa ZED-F9P una ufunguo wake wa namba, na huandikwa kwa ujumbe wa UBX-CFG-VALSET. Kwa kasi ya UART1 ufunguo ni CFG-UART1-BAUDRATE, namba 0x40520001. UART2 ni CFG-UART2-BAUDRATE, 0x40530001. Kwenye u-center tumia dirisha la Generation 9 Configuration View: tafuta ufunguo, weka thamani, chagua tabaka la kumbukumbu, tuma.

Anayependa kujua kinachopita kwenye waya, huu ndio ujumbe kamili wa kuweka UART1 kwenye 115200, kwa RAM pekee:

```
B5 62 06 8A 0C 00 00 01 00 00 01 00 52 40 00 C2 01 00 F3 A5
```

B5 62 ni mwanzo wa kila ujumbe wa UBX. 06 8A ni jina lake, CFG-VALSET. 0C 00 ni urefu, baiti 12. Kinachofuata ni toleo 00, tabaka 01 na baiti mbili tupu. Kisha ufunguo umeandikwa kinyumenyume, 01 00 52 40, na thamani vilevile: 115200 ni 0001C200, hivyo 00 C2 01 00. Mbili za mwisho ni za ukaguzi wa jumla. Ukibadilisha baiti yoyote katikati, ni lazima uzihesabu upya, la sivyo risiva itaupuuza ujumbe bila kusema neno.

Kutoka Linux:

```
printf '\xB5\x62\x06\x8A\x0C\x00\x00\x01\x00\x00\x01\x00\x52\x40\x00\xC2\x01\x00\xF3\xA5' > /dev/ttyUSB0
```

Itume kutoka bash. Kwenye baadhi ya mifumo sh ni dash, na printf yake haielewi `\x`. Itatuma herufi zenyewe badala ya baiti. Pia acha `cat` ikiendelea kwenye dirisha jingine ili poti isifungwe na kupoteza mipangilio ya stty.

Risiva ikikubali amri hujibu `B5 62 05 01 02 00 06 8A 98 C1`. Ikikataa hujibu `B5 62 05 00 02 00 06 8A 97 BC`. Kwa amri za kawaida subiri jibu hilo. Kwa amri ya kubadilisha kasi usilitegemee, kwa sababu jibu linaweza kutoka kwa kasi mpya wakati wewe bado unasikiliza kwa ya zamani. Hamisha upande wako kwenye 115200, kisha uliza swali dogo ili kuthibitisha. La toleo la programu ya ndani ni:

```
B5 62 0A 04 00 00 0E 34
```

Usihifadhi kasi mpya kwenye kumbukumbu ya kudumu kabla ya kuona jibu hili. Ikiwa kidhibiti chako hakiwezi kasi uliyochagua, kuzima na kuwasha kutakurudisha ulikotoka. SoftwareSerial ya Arduino Uno, kwa mfano, huanza kupoteza baiti kwenye kasi kubwa, na 115200 kwa kupokea ni kujitafutia balaa. Ibakishe kwenye 38400 na upunguze jumbe, au tumia bodi yenye UART ya ziada ya kweli.

Wenye NEO-6M na NEO-M8N hawana VALSET. Wao hutumia UBX-CFG-PRT, ambayo kwenye u-center iko chini ya PRT: chagua poti, itifaki za kuingia, za kutoka na kasi kwa pamoja, kisha bonyeza Send. Ubaya wake ni kwamba ujumbe huo unaandika vyote kwa mpigo. Ukienda kubadilisha kasi huku umeacha itifaki ya kutoka ikiwa tupu, umeinyamazisha risiva kwa mkono wako.

Itifaki, kisha jumbe

Itifaki za kutoka kwenye UART1 zina funguo tatu: CFG-UART1OUTPROT-UBX (0x10740001), CFG-UART1OUTPROT-NMEA (0x10740002) na CFG-UART1OUTPROT-RTCM3X (0x10740004). Za kuingia ni CFG-UART1INPROT zenye majina hayohayo. Thamani ni 1 au 0. Kamwe usizime UBX ya kuingia kwenye poti unayoitumia kutuma amri. Huo ni sawa na kufunga mlango ufunguo ukiwa ndani.

Baada ya hapo kuna jumbe. Kila ujumbe una ufunguo wake kwa kila poti, na funguo hizo zimepangwa mfululizo: I2C, UART1, UART2, USB, SPI. GGA kwa UART1 ni CFG-MSGOUT-NMEA_ID_GGA_UART1, 0x209100bb. Ya UART2 ni 0x209100bc, na ya USB 0x209100bd. Nyingine za UART1 ni RMC 0x209100ac, VTG 0x209100b1, GSA 0x209100c0, GSV 0x209100c5 na GLL 0x209100ca.

Thamani unayoweka si Hz. Ni idadi ya zamu za hesabu kati ya ujumbe mmoja na mwingine. Sifuri huuzima, 1 huutoa kila zamu, 5 huutoa kila zamu ya tano. Zamu zenyewe hupangwa kwa CFG-RATE-MEAS (0x30210001), kwa milisekunde. Kwa hiyo ukiweka 200 umepata zamu tano kwa sekunde, na GSV ikiwa 5 itatoka mara moja kwa sekunde. Wapo wanaoandika 5 kwenye GGA wakidhani wanapandisha kasi, kumbe wameishusha.

Kwa majaribio ya haraka kuna njia ya maandishi matupu, inayofanya kazi pia kwenye NEO-6M na M8N:

```
$PUBX,40,GLL,0,0,0,0,0,0*5C
$PUBX,40,GSV,0,0,0,0,0,0*59
$PUBX,40,GSA,0,0,0,0,0,0*4E
$PUBX,40,VTG,0,0,0,0,0,0*5E
```

Kila mstari uishie na CR na LF, baiti mbili za kumaliza mstari. Mistari hii inazima sentensi husika kwenye poti zote, na haidumu baada ya kuzima umeme usipohifadhi kwa amri nyingine.

Ukiandika programu mwenyewe, achana na NMEA utumie UBX-NAV-PVT: baiti 100 zenye saa, mahali, mwinuko, mwendo, makadirio ya usahihi na hali ya RTK, vyote vya zamu moja. Ufunguo wake wa UART1 ni 0x20910007. Hakuna kuunganisha vipande vya sentensi tatu na kuomba Mungu viwe vya sekunde moja.

Desimali zinazokula sentimita

RTK inakupa usahihi wa sentimita moja au mbili, halafu data inayotoka inaukata. Kwa kawaida GGA huandika dakika za latitudo kwa desimali tano. Tarakimu ya mwisho hapo ni karibu sentimita 1.85. Nukta zako zitaruka kwa ngazi, na utailaumu besi, yaani risiva iliyosimama inayotuma masahihisho. Washa CFG-NMEA-HIGHPREC (0x10930006) upate desimali saba. Sentensi inakuwa ndefu kidogo na inaweza kuvuka herufi 82 za kiwango cha NMEA, kwa hiyo programu za zamani zenye nafasi finyu zinaweza kuikataa.

NAV-PVT ina ugonjwa huohuo. Kipimo chake ni nyuzi 0.0000001, karibu sentimita 1.1. Ongeza UBX-NAV-HPPOSLLH, baiti 44 tu, na mambo yanakaa sawa.

Kifaa cha zamani kinachotaka $GPGGA hakitaitambua $GNGGA ingawa yaliyomo ni yaleyale. Weka CFG-NMEA-MAINTALKERID (0x20930031) iwe 1. Kikilalamikia sehemu za ziada mwishoni mwa GSV na GSA, shusha CFG-NMEA-PROTVER (0x20930001) iwe 40, yaani toleo la 4.0.

Besi na rova kupitia redio

Besi hutuma masahihisho kwa redio, na rova, yaani risiva inayotembea, huyapokea. Mpangilio unaoleta amani ni kutenganisha kazi: UART1 iongee na kompyuta au simu, UART2 iongee na redio pekee. Redio nyingi za SiK hutoka kiwandani na 57600 upande wa siriali, hivyo UART2 ya besi na ya rova zote ziwekwe hapo.

Kwenye besi:

```
CFG-UART2-BAUDRATE                   57600
CFG-UART2OUTPROT-RTCM3X              1
CFG-UART2OUTPROT-NMEA                0
CFG-UART2OUTPROT-UBX                 0
CFG-MSGOUT-RTCM_3X_TYPE1005_UART2    5
CFG-MSGOUT-RTCM_3X_TYPE1074_UART2    1
CFG-MSGOUT-RTCM_3X_TYPE1084_UART2    1
CFG-MSGOUT-RTCM_3X_TYPE1094_UART2    1
CFG-MSGOUT-RTCM_3X_TYPE1124_UART2    1
CFG-MSGOUT-RTCM_3X_TYPE1230_UART2    5
CFG-RATE-MEAS                        1000
```

1074, 1084, 1094 na 1124 ni vipimo vya GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou kwa mtindo wa MSM4. Ndugu zake wa MSM7 (1077, 1087, 1097, 1127) wana tarakimu nyingi zaidi na ni wazito. Redio yenye nafasi ndogo hewani haihitaji mzigo huo. Chagua mtindo mmoja, usiwashe yote mawili. 1230 ni ya marekebisho ya GLONASS. Bila hiyo rova haiwezi kuzitumia vizuri setilaiti hizo kwenye RTK.

CFG-RATE-MEAS ya besi ibaki 1000. Ukiisahau kwenye 200, kila ujumbe utatoka mara tano kwa sekunde, redio itasongwa, na rova itaonyesha RTK inayokuja na kuondoka. Kumbuka pia kwamba kasi ya waya kati ya risiva na redio si kasi ya redio hewani. 57600 kwenye waya haimaanishi 57600 inafika upande wa pili.

1005 ndiyo inayobeba mahali pa besi, na haitoki kabisa mpaka besi iwe imejua mahali pake: ama umeandika koordineti kwa mkono, ama kujipima kumekamilika. Ukiona jumbe zote zinatoka isipokuwa 1005, usiguse poti. Angalia CFG-TMODE-MODE na hali ya kujipima.

Kwenye rova, UART2 iwe 57600 na CFG-UART2INPROT-RTCM3X iwe 1. Kisha washa UBX-RXM-RTCM kwenye USB au UART1. Ujumbe huo unataja kila RTCM iliyofika na kama ukaguzi wake umefaulu. Zisipofika kabisa, tatizo ni waya au kasi. Zikifika zimeharibika, angalia redio. Zikifika salama, angalia GGA. Sehemu ya hali ya fiksi isome 4 kwa RTK iliyokaza, 5 kwa inayoelea. Sehemu ya umri wa masahihisho ibaki sekunde moja au mbili; ikipanda na kuendelea kupanda, redio imekatika.

Kuhifadhi

CFG-VALSET inaandika kwenye tabaka unalolitaja: RAM ni 1, BBR ni 2, Flashi ni 4, na zote tatu ni 7. RAM hufanya kazi papo hapo na kufutika umeme ukikatika. BBR hudumu mradi betri ndogo ya akiba ina chaji. Flashi hudumu bila betri.

Amri yetu ya 115200, safari hii kwa matabaka yote:

```
B5 62 06 8A 0C 00 00 07 00 00 01 00 52 40 00 C2 01 00 F9 E7
```

Risiva inapowaka husoma BBR kabla ya Flashi, na thamani ya BBR ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo ukiandika kwenye Flashi pekee huku BBR ina thamani ya zamani, ya zamani itarudi kila unapowasha, na siku betri ikifa mpya itajitokeza yenyewe kana kwamba kuna jini. Andika kote kuwili.

Kwa NEO-M8N na 6M, kuhifadhi hufanywa kwa UBX-CFG-CFG: kwenye u-center nenda CFG, chagua kuhifadhi mipangilio ya sasa, kisha Send. Bodi nyingi za bei nafuu hutegemea betri ndogo tu, na iliyokaa sana stoo huwa haina chaji. Usidhani imeharibika. Iache kwenye umeme saa kadhaa kisha ujaribu tena. Kwa chombo kitakachozimwa kwa wiki nyingi, ni heri kidhibiti chako kitume mipangilio kila kinapowaka.

Ukijifungia nje

Umezima UBX ya kuingia kwenye UART1? Ingia kwa USB, maana mipangilio yake ni tofauti, uiwashe tena. Hujui kasi uliyoiacha? USB tena, kisha soma CFG-UART1-BAUDRATE kwa CFG-VALGET. Kama bodi yako haikutoa USB, pitia kasi zote za orodha ya mwanzo huku ukituma swali la toleo kwa kila moja. Kimya cha data hakimaanishi risiva haisikii.

Ikishindikana, irudishe kiwandani:

```
B5 62 06 09 0D 00 FF FB 00 00 00 00 00 00 FF FF 00 00 17 2B 7E
```

Zima, washa, na urudi 38400, sio kasi uliyokuwa umeiweka. Funguo zote za RTK, besi na jumbe zitakuwa zimefutika pia. Kwa hiyo siku ambayo risiva inafanya kazi vizuri, toa nakala ya mipangilio yake kwa u-center na uitunze kwenye faili lenye tarehe, pamoja na namba ya toleo la programu ya ndani: faili la toleo moja linaweza kuwa na funguo ambazo toleo jingine halizijui, na zitakataliwa.